Uwazi Uliopo Nyuma

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, na hata kustaafu hakukuituliza kalamu yangu nyekundu. Kwa hiyo kitinda mimba wetu aliponiletea karatasi ya kazi za kukarabati nje ya nyumba aliyotuachia mama, sikuuliza mengi. Nilivaa miwani nikaanza kusahihisha.

"Kukwangua rangi ya zamani." Sawa. "Kupiga lipu upya ukuta wa mbele." Sawa. Kwenye mbao za ukingo wa paa alikuwa ameruka herufi, nikamwekea. Kisha nikafika mwisho: "Kuziba uwazi ulioko nyuma."

Moyo wangu ulichanua. Chumba changu ndicho cha nyuma, kina mlango wake wa uani, na juu ya kitanda kuna mwanya kati ya ukuta na bati. Mvua ikinyesha nalala na beseni. Hatimaye mdogo wangu kanikumbuka! Nikafuta "ulioko" nikaandika "uliopo", maana mahali penyewe tunapajua barabara.

"Mwalimu hachoki," alicheka. "Haya, Dada, tia saini. Fundi hataki maneno maneno baadaye."

Nikatia.

Jumatatu asubuhi fundi alipita moja kwa moja hadi uani na futi kamba yake. Nilimwonyesha mwanya, wala hakuinua macho. Alikuwa anapima mlango wangu, upana kisha kimo.

"Vitu vyako vinatoka leo, mama?" aliuliza.

"Vinatoka kwenda wapi?"

Alinionyesha karatasi. "Uwazi uliopo nyuma si ndio huu? Bosi kasema mlango tunauziba, tunatoboa mwingine kwa ndani, chumba kiwe stoo."

Nilimwita mdogo wangu kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa watoro. Alikuja akitazama viatu vyake, vilevile kama utotoni akivunja kikombe.

"Dada, si ulisoma? Tena ukasahihisha mwenyewe."

"Nilijua ni mwanya wa mvua!"

"Ungekuwa mwanya, ningeandika mwanya."

Kweli, angeandika. Kuchagua neno nilimfundisha mimi, kwenye meza ya jikoni, nikimshika mkono herufi moja baada ya nyingine.

"Na mimi nilale wapi?"

"Kwa mwanao. Nimeshaongea naye tangu mwezi uliopita."

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu kuniuliza napenda kitanda kikubwa au kidogo. Nilicheka, nikamwambia asinitanie.

Fundi alikohoa. "Niendelee au nisubiri? Mimi nafuata karatasi."

Nikampokonya karatasi, nikachomoa kalamu, nikaisoma upya neno kwa neno, nikitafuta kosa hata moja la kushikilia. Halikuwepo. Makosa yote nilikuwa nimeyasahihisha.