Sampuli Namba Arobaini na Moja Yavua Kofia

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Kajuju alipanga tyubu za damu kwenye mashine, akaifunga, akaiacha izunguke dakika kumi. Kituo chao cha utafiti pale Kinoru kilikuwa kikitafuta kwenye damu alama ya ugonjwa unaokula ubongo upande wa mbele, ule unaomwondolea mtu adabu kabla ya kumbukumbu. Jumanne hiyo alipofunua mashine, tyubu namba arobaini na moja ilivua kifuniko, kama mzee anayevua kofia mlangoni.

"Muga, daktari," ikasalimu. "Samahani kukusumbua ukiwa kwa chai."

Kajuju, ambaye hata kwa watu huongea chini chini, aliitikia "muga," akatazama orodha. Ilikuwa damu ya Mzee Salesio. Mzee mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, akila ndizi za bawabu bila kuomba. Katika mnada wa mavuno kanisani alikuwa ameimega keki ya mchungaji kabla haijanadiwa, na wazee wa kanisa wakamwandikia barua ya kumzuia Meza ya Bwana kwa ulevi. Hakuwahi kuonja pombe. Mkewe, Karambu, alitembea na barua hiyo mkobani.

Naftaly, msimamizi, alisoma fomu aliyojaza Kajuju: *Sampuli inaongea. Ina adabu.*

"Hakuna mahali pa adabu hapa," akasema. "Andika kwa 'mengineyo'. Alhamisi inasafirishwa ng'ambo."

"Na majibu?" Karambu akauliza kutoka mlangoni.

"Majibu ni ya utafiti, mama. Hayarudi kwa mgonjwa."

Basi Karambu akampigia Riungu, mkuu wa wazee wa kanisa, na Kajuju akaisogeza tyubu karibu na simu. Iliwajulia hali ng'ombe wa Riungu mmoja mmoja, ikaomba msamaha wa keki, ikamaliza kwa sala fupi.

Riungu akajibu, "Hiyo tyubu ije Jumapili, tutaipokea mezani. Salesio abaki nyumbani."

Tyubu ilishukuru, ikavaa kifuniko, ikawekwa kwenye friza pamoja na zingine.

Karambu hakukata simu. Miaka miwili alikuwa akiwaambia watu mumewe amechoka tu. Nje, Salesio alimaliza ndizi ya mwisho, akamrudishia bawabu maganda.

"Mzee Riungu," Karambu akasema, "Salesio si mlevi. Anaumwa. Na mimi nimekosa mtu wa kunisalimia asubuhi."