Viatu Vilivyokwenda Kwao

Mgeni alionyeshwa pa kuvulia viatu siku ile ile aliyofika: nyuma ya mlango, juu ya kitambaa, visigino vikigusa ukuta. Mama mwenye nyumba alimpa kandambili za bluu, akamwita mwanangu. Baba mwenye nyumba aliichukua pasipoti yake, akaifungia kwenye droo ya kabati la vyombo isije ikapotea. Mgeni alikuwa binti aliyekuja nchi hiyo kusoma lugha yao, na kusaidia kidogo kumlea mtoto wao. Mgeni siku mbili. Ya tatu akapewa beseni la nguo, na darasa likawa la kesho. Kesho nayo ina kesho yake.

Haukupita muda, viatu vyake vikaanza kwenda kwao. Vilitoka jioni, watu wakiwa mezani, vikarudi alfajiri na udongo mwekundu. Nyumba nzima ilivisikia vikishuka ngazi. Mama mwenye nyumba hakuwa na neno na safari yenyewe; neno lake lilikuwa sakafu.

"Viende vinakotaka, mwanangu, ila vikirudi vijifute."

Mgeni alipiga deki kila asubuhi, lakini kwanza alizinusa soli. Ndivyo alivyopata habari za mama yake mzazi, aliyemwacha mgonjwa. Vikija na majivu, alijua mama ameinuka kupika. Vikija na unyoya wa kuku, amefika uani. Kisha vikaanza kuja na vumbi la chumbani tu, na harufu ya dawa ya kuchua. Mgeni akaenda kuomba pasipoti yake.

Baba mwenye nyumba alikuwa akimenya chungwa. Alisema kwa upole kwamba mtoto ameshamzoea, atalia.

"Na viatu si vinakwenda? Basi ni kama umekwenda wewe."

Asubuhi moja vilirudi na udongo mbichi mpaka kwenye kamba, udongo wa chini, ule usioonekana mpaka shimo lichimbwe. Mgeni aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Mama mwenye nyumba alimkumbatia, akalia naye, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Halafu akamsogezea ndoo.

Jioni ile viatu havikutoka. Vilikaa nyuma ya mlango, visigino vikigusa ukuta. Baba mwenye nyumba alipita, ufunguo wa droo ukilia mfukoni, akavitazama.

"Afadhali," alimwambia mkewe. "Binti sasa amezoea."