Shikilia Hapo

Vumbi la Kamenu, mtaa wa Thika, huingia ndani hata mlango ukifungwa. Kwenye bati la nyumba ya akina Mourine palikuwa na tundu la msumari, na asubuhi jua likishapanda, mwali mwembamba ulishuka kutoka tunduni hadi kitandani, na ndani ya mwali vumbi likacheza. Mourine alikuwa mtoto, amelala, magoti yamevimba. Akipumua, vumbi lilivurugika. Akizuia pumzi, lilitulia. Basi akawa anazuia pumzi, maana hakuwa na kazi nyingine.

Koo ndilo lililomuuma kwanza, akapewa maji ya ndimu na tangawizi. Kisha goti moja, kisha la pili, kisha kiwiko. Maumivu yalihamahama kama mpangaji. Majirani wakasema anakua. Mama yake, aliyetoka Siaya kuja kukata mananasi kiwandani, alimchua kwa mafuta na kusema atakuwa mrefu kama shangazi zake. Maumivu yakaisha, na Mourine akarefuka kweli.

Sasa yuko Ruiru, mwaka wa mwisho chuoni. Ukimuuliza anasomea nini atakuambia teknolojia ya moyo na mishipa ya damu, kisha akikuona umepotea atasema tu: napiga picha za moyo. Mama yake bado haamini. "Huo moyo unauonaje na ngozi imefunga?" humuuliza kila akienda nyumbani Thika, na kila mara akielezwa hucheka, kama mtu anayedanganywa na mtoto wake mwenyewe.

Moyo huonekana kwa sauti. Unapaka jeli kifuani, unaweka kifaa kati ya mbavu, na sauti ambayo sikio haliisikii inaingia, inagonga nyama, inarudi, na kwenye kioo cheusi cha mashine mwanga unafunguka, umbo lake kama robo ya chapati. Ndani ya mwanga huo mna vyumba, mna kuta, mna milango midogo inayofunguka na kufungika. Inafunguka, inafungika. Hata ukilala. Hata ukinuniana na mtu.

Lakini mapafu hupita mbele ya picha, kwa hiyo mpimaji ana wimbo wake, ule ule kwa chifu na kwa muuza mboga. Vuta pumzi. Toa. Shikilia hapo. Na picha ikishapatikana: haya, pumua.

Madam Janice, aliyewafunza wimbo huo, alikuwa mwanamke mkavu asiyepoteza neno. Mambo mawili aliyarudia mpaka wakayaota. La kwanza: uso wako si ripoti. Ukiona kitu, funga uso, maliza picha zako, mwambie mgonjwa daktari atamweleza. La pili: usisahau kusema pumua.

"Mwanafunzi akiona kitu kibaya, neno hilo ndilo humtoka akilini," alisema. "Mgonjwa naye kwa utiifu wake atalala hapo amezuia pumzi mpaka macho yamtoke. Na atajua. Wagonjwa si wajinga."

Mourine alizaliwa na uso wa kazi hiyo. Kahiga, mcheshi wa darasa, alisema huyu hata ukimwonyesha moyo wenye meno atakuuliza tu umri wa mgonjwa. Hospitali moja ya Thika ilikuwa imemwambia arudi akimaliza mtihani, kuna nafasi yake. Aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote, na hakumwambia mtu.

Sasa desturi ya darasa lao ilikuwa hii: mnajifunzia vifuani mwenu wenyewe. Leo unapima, kesho unapimwa, wasichana kwa wasichana nyuma ya pazia. Mourine aliwapima wote. Kupimwa yeye, hapana. Mara ana mafua, mara ameshiba mno, mara blauzi yake ni ngumu kuvua. Wakadhani ni aibu, wakamwacha.

Haikuwa aibu. Kuna siku Madam Janice alifundisha kwamba ugonjwa wa koo wa utotoni, usipotibiwa, unaweza kushuka magotini, halafu ukaonekana umeondoka, kumbe umekwenda kukaa kwenye mlango wa moyo, na mlango ukawa mnene, mgumu, miaka mingi baadaye. Darasa zima liliandika. Mourine aliweka kalamu chini, akavuta sketi ikafunika magoti.

Tangu siku hiyo aliogopa. Ngazi za hosteli zilianza kumkata pumzi, akasingizia chipsi. Nani atamwajiri mpima mioyo mwenye moyo mbovu? Hilo ndilo swali alilolala nalo. Akalisukuma kwa kusoma, akawa wa kwanza darasani.

Mpaka Waithira alipokuja mbio. Huyu ndiye aliyekaa naye chumba kimoja, msichana wa Kalimoni, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Alihitaji kumpima mtu mmoja zaidi ndipo aruhusiwe kufanya mtihani, na mgonjwa aliyeahidiwa hakufika.

"Mou, tafadhali. Kesho ndio mwisho. Nikikosa narudia mwaka."

Mourine alitafuta mafua, hakuyapata. Alimtazama rafiki yake, mikono imeshavaa glavu, na kukataa kukamshinda. Akavua blauzi, akalalia ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, kama alivyowalaza wengine.

Jeli ilikuwa baridi. Hakuwahi kujua ni baridi kiasi hicho.

"Vuta pumzi," Waithira akasema. "Toa. Shikilia hapo."

Mourine akashikilia.

Mashine ikalia, picha imepatikana. Kifaa kikasogea kidogo, kikarudi. Kikaenda, kikarudi pale pale. Pazia lilikuwa la kijani, limeshonwa upya pembeni kwa uzi mweupe, na Mourine aliufuata uzi ule kwa macho akingoja neno. Neno halikuja. Akainua macho kwa Waithira. Uso ulikuwa umefungwa vizuri, vizuri kabisa; Madam Janice angeupa alama zote.

Basi ikawa imejulikana. Yeye alishalijua jambo hili kwa muda mrefu, lakini alikuwa analijua peke yake, na sasa wako wawili.

"Haya, pumua," akasema Mourine.

Aliyepumua kwanza ni Waithira. Naye alikuwa amezuia pumzi.

"Daktari..." Waithira akaanza, akitazama shuka, "daktari atakueleza."

"Umesema sawa. Lakini usiangalie chini ukisema. Nigeuzie kioo."

Akaona. Mlango wa upande wa kushoto ulifunguka nusu, ncha yake imekwama, ukapinda katikati kama goti linalouma. Uso wake haukubadilika, ila chozi lilipita juu ya pua likadondokea mkononi, na hakulifuta.

Madam Janice akaitwa. Aliangalia, akasogeza kifaa, akaangalia tena.

"Mlango umekuwa mnene, lakini bado unapitisha damu," akasema mwishowe. "Jumatatu unamwona daktari, na sitaki hadithi za mafua. Nadhani atakuanzishia sindano, kila mwezi, miaka."

"Na kazi?"

"Jumanne una zamu. Kwani mikono imefanya nini?"

Akatoka. Waithira alikuwa amelia mpaka glavu zimelowa.

"Badilisha glavu," Mourine akamwambia. "Bado picha nusu. Unataka kurudia mwaka?"

Waithira akabadilisha. Akapaka jeli nyingine, akaituliza sauti yake mpaka ikanyooka. Vuta pumzi. Toa. Shikilia hapo.

Mourine akashikilia, macho kwenye kioo. Ndani ya mwanga ule chembe nyeupe zilicheza, ndogo ndogo, kama zile za kitandani Kamenu. Alizuia pumzi, na mara hii hazikutulia. Ziliendelea kuujia mlango mnene, zikajibana, zikapita. Akaziacha.

"Haya," Waithira akasema, akimtazama usoni. "Pumua."