Mbao za Chini ya Upenu

Kopo lilikuwa la majani ya chai, limeota kutu ukingoni, na mtu wa mazishi alilirudisha kwa mikono miwili, ameinama kama anayekataa zawadi kubwa kuliko cheo chake.

"Niwie radhi, mzee. Chuma hakiingii jenezani. Tanuru halikipokei."

Yasaburo alilipokea. Ndani, katika pamba iliyogeuka manjano, mlikuwa na kitu kikavu cheusi, mfano wa kipande cha mzizi kilichosahauliwa jikoni. Kilikuwa kitovu cha binti yake. Mkewe, Towa, alilala chumba cha mbele katika vazi jeupe, na gari la kumpeleka kuchomwa lingefika alasiri. Alikuwa ameomba jambo moja tu. "Nikiondoka, nipe kitovu mkononi. Mtoto yule hanijui sura. Nitamwonyesha nini anijue kuwa ni mamaye?"

Pale Kamo, mji wao wa Japani, kila mtoto hutunziwa kitovu chake katika kisanduku cha kiri, mti wa mbao nyepesi. Yasaburo alikuwa amewatengenezea watoto wa nusu ya mji, na baadhi yao sasa ni wazee wenye vipara. Wa kwake ndiye aliyekosa. Binti alizaliwa theluji ikiyeyuka, akafa kabla ya usiku wa saba, usiku ambao baba hutangaza jina. Towa alipomwomba kisanduku, kifua chake bado kinavuja maziwa, Yasaburo alimjibu bila kuinua uso, "Kisanduku ni cha mtoto aliye hai."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Towa akaenda jikoni, akamwaga chai, akalikausha kopo. Hawakulizungumza tena jambo lile. Walizeeka wakilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la uani mwao, mpaka mguu ukazoea na jicho likaacha kuliona.

Na ulikuwapo mti. Mtoto wa kike hupandiwa kiri, ili siku ya kuolewa kwake ukatwe, utoke kabati la nguo. Yasaburo aliupanda kwa furaha, kisha akaukata kwa shoka, shinani, mtoto alipokufa. Kumbe kila mkulima wa Kamo anajua kwamba kiri hukatwa kingali kichanga ndipo kinyooke. Yeye seremala alilijua hilo kuliko wote. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha. Mwaka uliofuata mti ulichipua kwenye kisiki, ukasimama wima kuliko mwanzo, na hakuwa na uso wa kuukata mara ya pili.

"Shemeji, kifunge kwa kitambaa, basi," alisema Mitsue, mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye ulimi wa kukwangua masufuria. "Ninayo leso ya hariri. Dada hatanuna. Na akinuna, atamnunia nani sasa?"

"Natengeneza kisanduku."

"Leo? Kwa mikono hiyo? Jana ulimmwagia mtawa chai mpaka kwenye soksi!"

"Chai haina pa kushika. Mbao inapo."

"Na hiyo mbao iko wapi? Karakana umeiuza mpaka vumbi lake."

Yasaburo aliinua kichwa. Alitazama mti dirishani, umebeba theluji mabegani. Haukufaa. Kiri kibichi kina maji meusi. Mbao zake huachwa nje miaka, zinyeshewe, zianikwe, mpaka zimalize kulia. Ukikiwahi, huja kikakulilia ndani ya kazi, kikatia madoa kila kitu.

"Si zipo zile za upenuni?" Mitsue alisema.

"Zipi?"

"Ee! Shemeji, hayo ni macho au matundu ya kuvalia miwani? Zile ambazo dada alikuwa akizigeuza."

Alikuwa akiziona, naam, kama mtu anavyouona ukuta wake. Mbao chache za kijivu zimeegemezwa nyuma ya nyumba. Alidhani ni vifuniko vya mapipa ya kuchachushia figili. Hata moja aliwahi kuipangusia matope ya viatu.

"Theluji ilivunja tawi kubwa la mti ule," Mitsue alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza makali. "Wewe ulikuwa umelazwa na kifua chako. Akamwita mtu akalipasua. Kila msimu anazigeuza, mvua ipate pande zote. Nikamuuliza, za nini hizi? Akasema, 'Siku akizitaka, zisiwe mbichi.'"

Yasaburo aliinuka. Alitoka bila koti, akarudi na mbao moja kwapani, theluji ikimyeyukia shingoni.

Alifungua kasha la zana chache ambazo hakuziuza, akakaa sakafuni, mbao akaibana kwa unyayo, akaivuta randa kuja kifuani. Maranda ya kwanza yalitoka ya kijivu, machafu, yananuka mvua. Ya pili yakatoka meupe. Chini ya ngozi ile ya uzee mbao ilikuwa na rangi ya malai, haina doa hata moja. Ilikuwa imemaliza kulia zamani, peke yake, huku nyuma ya nyumba.

Ubavu wa kwanza aliuharibu. Msumeno uliacha mstari kwa unene wa ukucha, naye akakaa akiutazama.

"Pumzika," Mitsue alisema.

"Kitakuwa kidogo zaidi, basi. Mwenyewe hakuwa mkubwa."

Alichonga meno ya pembeni kwa patasi, yashikane kama vidole vya mikono miwili. Vijiti vya mti vya kupigilia, kwa kuwa msumari wa chuma haukuruhusiwa, alivikaanga jikoni vikauke na kukaza.

"Leo kaanga misumari," Mitsue alisema akichungulia, "kesho chemsha nyundo, tule." Alicheka, kisha akafuta macho kwa kiwiko.

Ilibaki gundi. Yasaburo alikwenda chumba cha mbele, akapiga magoti kando ya jeneza, akachota punje za wali kutoka bakuli lililowekwa kichwani pa marehemu.

"Shemeji! Unamwibia maiti chakula!"

"Simwibii. Namkopesha mkono." Akaziponda juu ya kibao mpaka zikanata. Wali ukipondwa vizuri huzishinda gundi nyingi kwa kushika.

Gari lilipopiga breki nje, alikuwa akipangusa kifuniko. Visanduku vyote alivyowahi kutengeneza viliandikwa jina juu. Hiki hakikuwa na la kuandikwa, ndivyo watu walivyojua. Lakini jina lilikuwapo. Yasaburo mwenyewe alilichagua wakati mkewe akiwa bado mjamzito, akalificha ili usiku wa saba alitoe kwa fahari, na usiku wa saba haukufika. Hakumwambia Towa. Mwanzoni aliona angemwongezea jeraha. Baadaye aliona aibu ya kuchelewa. Na aibu ya kuchelewa hukua kwa kuchelewa.

Alichukua brashi iliyokuwa mlangoni kwa ajili ya wageni wa rambirambi, akaichovya katika wino mwepesi wa msiba, akaandika ndani ya kifuniko.

Kitovu kikaingia na pamba yake. Akaweka kifuniko mdomoni mwa kisanduku, akaondoa mkono. Hakikudondoka. Kilielea juu ya hewa iliyokosa pa kutokea, kikawa kinashuka polepole, kama kifua cha mtu anayemalizia pumzi.

"Mzee," dereva alisema, "barabara ina theluji..."

"Kinashuka chenyewe," Yasaburo alisema. "Hakisukumwi."

Dereva akavua kofia. Wote wakasimama wakikitazama, mpaka kikakaa.

Aliviinua vidole vya mkewe, vigumu, vya baridi, akavifunga juu ya kisanduku. Akainama sikioni.

"Chigusa," alisema. "Anaitwa Chigusa. Mwite hivyo."

Mitsue akageukia ukuta.

Walipokuwa wakilibeba jeneza kwenda garini, Mitsue alimtafuta shemejiye mbele, hakumwona. Akazunguka nyuma ya nyumba. Yasaburo alikuwa amesimama chini ya upenu, theluji ikimfika magotini, mbele ya mbao zilizobaki. Alipangusa moja kwa kiganja, akaiinua taratibu, akaigeuza upande wa pili. Kisha akaishika inayofuata.