Kochi la Futi

Katika karakana ile ya makochi, amri isiyojadiliwa ilikuwa moja: Futi akilala, asiamshwe. Aliyeitoa ni dada yake, mwenye karakana, na aliitoa kwa mapenzi. Futi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya futikamba iliyoning'inia shingoni mwake daima, alikuwa amerithi kwa baba yao ugonjwa unaochakaza ubongo polepole na kuifanya mikono irukeruke bila idhini ya mwenyewe. Dada mtu alipimwa, akakutwa hanao. Tangu siku hiyo alimwonea kaka yake huruma iliyopita kiasi.

Basi Futi akisinzia tu baada ya chai, cherehani zilinyamaza, mapazia yakashushwa, na mafundi wakatembea kwa kunyata kama wezi. Mteja akiingia, alionyeshwa kidole mdomoni.

Hata hivyo, mambo yalizidi kwenda kombo. Usiku Futi alikuwa macho, akizunguka nyumba nzima. Mchana akawa mzito, mkali, mwenye kusahau. Alipokosea kipimo na kukata kitambaa cha mahameli cha mteja kikapungua, kwa mara ya pili, dada yake alijifungia stoo akalia. Aliona kwamba ugonjwa umeshafika mbali na kwamba hana budi kumwondoa kwenye meza ya kukatia, kazi pekee aliyoipenda maishani. Aliazimia kumwambia wakitoka kliniki.

Huko kliniki daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimgeukia mke wa Futi.

"Huwa anaamka saa ngapi?"

"Akipenda mwenyewe, daktari. Akipata usingizi alfajiri, namwacha mpaka jua kali."

"Na kazini?"

"Kazini ndiko ninakolala hasa," akadakia Futi. "Dada kanitengea kochi. Hata nzi wanaombwa watoke nje."

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akaeleza kwamba ugonjwa huu huvuruga saa ya ndani ya mwili.

"Mnampa usingizi wote mchana, tena gizani. Usiku ataupata wapi? Na asiyelala hukosea, hata angekuwa mzima. Aamshwe wakati uleule kila siku, aote mwanga wa asubuhi, mchana asilale. Na kati ya dawa zake, hii inayomfanya akeshe ataimeza asubuhi badala ya jioni. Ugonjwa wenyewe sina uwezo wa kuuondoa. Usingizi tunaweza kuusaidia."

Dada mtu alihisi uso ukiwaka kwa aibu. Maneno aliyoyaandaa akayameza.

Kuanzia kesho yake mapazia yalifunguliwa, na cherehani zikanguruma bila aibu.

"Mnanitesa!" alilalamika Futi.

"Amri ya bosi, kaka," alijibu fundi wa mbao. "Ukifumba jicho, napiga misumari sikioni."

"Hata jicho moja?"

"Hata kope."

Majuma yakapita, mengine ya kukatisha tamaa. Kisha asubuhi moja simu ya dada mtu ikalia. Alikuwa mke wa kaka yake, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Wifi, leo roho ilinitoka! Nimeamka, nyumba kimya. Nikajua mume sina tena. Nikamwekea mkono kifuani, akafumbua jicho: 'Vipi, unanipima shati?'"

"Amelala usiku kucha?"

"Kama gogo! Mateke bado anarusha, blanketi tumeliokota sakafuni. Lakini amelala, wifi!"

Dada mtu aliketi juu ya rundo la sponji, akashusha pumzi ndefu.

Futi alipoingia, mabega yalikuwa yakirukaruka kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa maangavu. Alitandaza kitambaa mezani, akapima, akachora kwa chaki, akapima tena. Mkono uliporuka, aliweka mkasi chini, akasubiri utulie, ndipo akakata. Vipande vikakaa sawasawa kwenye fremu.

"Mbona umenikodolea macho?"

"Nakutazama tu, kaka."

"Tazama kazi yako. Mshono huo umepinda."

Kweli ulikuwa umepinda. Akaufumua huku akicheka.