Kopo Lipande, Mwenyewe Abaki

King'ora cha saa kumi kilipolia siku ya Ijumaa, Harbhajan Singh alikuwa ameshasimama langoni mwa kiwanda na kopo lake la biskuti, anakusanya ada za chama cha wafanyakazi. Kila mtu alipotumbukiza shilingi, Harbhajan aliweka tiki mbele ya jina lake daftarini. Kule Nakuru, Kenya, alikuwa karani wa hesabu wa reli. Hapa Birmingham, Uingereza, walimpa koleo apakue mchanga wa kumiminia chuma kilichoyeyushwa, eti vyeti vyake havijulikani.

"Leo lazima upite kwenye kura, mzee," alisema Njoroge, kijana wa Murang'a aliyefanya naye kazi kwenye tanuru moja. "Mwenzetu Lakhbir ana wiki ya saba nyumbani, mguu umeungua. Kila akienda, mweka hazina anamwambia fomu haijafika. Fomu ya yule Mwingereza aliyeumia kidole ilichukua siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi."

Hilo ndilo lililomfanya Harbhajan agombee uweka hazina. Lakhbir alishauza kitanda, watoto wanalala sakafuni, na mkate umepanda bei tena. Pesa za wagonjwa hazitoki bila sahihi ya mweka hazina, na katika wanachama tisini, sitini walikuwa Wapunjabi wa mtaa wa Handsworth kama yeye. Hesabu hiyo hata wakubwa wa chama waliijua, tena vizuri sana.

Mkutano ulikuwa saa kumi na moja, ghorofani kwenye baa jirani na kiwanda. Mwenye baa alisimama mlangoni, akanyoosha kidole kwenye kadi mpya iliyogongomelewa ukutani: ghorofani hakuna kuvaa kofia. Jana kadi hiyo haikuwapo.

"Hiki ni kilemba," Harbhajan alimwambia kwa adabu. "Ni dini yangu."

"Kichwani kiko au hakiko?"

Nyuma yake wanaume karibu sitini walijazana kwenye manyunyu, wengi na vilemba. Kewal, aliyenyoa nywele na kuacha kilemba mwaka jana ili apate kazi, angeweza kupanda. Alitazama ngazi, akawatazama wenzake, akarudi nyuma. Njoroge akavua kofia yake, akapanda peke yake kuomba mkutano uhamie uani.

Alirudi upesi.

"Wamemaliza. Mwenyekiti anasema mgombea asiyekuwa chumbani amejitoa. Mweka hazina yule yule amerudi bila kupingwa. Mimi nimenyoosha mkono kupinga, anasema hanioni."

"Hakuoni?"

"Niko mbele ya meza yake, mzee."

Mwenyekiti mwenyewe akatokea juu ya ngazi, anatabasamu, bilauri mkononi. Akasema mambo yamekwisha vizuri, sasa Harbhajan ampe kijana lile kopo alipandishe, mweka hazina anasubiri kufunga wiki.

Hasira ilimpanda Harbhajan mpaka masikio yakawaka. Miaka mitatu amewabebea kopo hilo, mvua na theluji, bila kupunguka hata senti. Kopo halikuwa na kichwa, kwa hiyo liliruhusiwa kupanda.

"Mwambie ashuke alichukue," alisema. "Nina maswali juu ya fomu ya Lakhbir."

Hakuna aliyeshuka. Mwenyekiti aliacha kutabasamu. Alisema kuondoka na kopo ni wizi, na polisi wako karibu.

Harbhajan akaligeukia kundi. Akafungua daftari juu ya kizingiti cha dirisha la baa na kuandika juu ya ukurasa: ada hizi zipelekwe kwa Lakhbir, mgonjwa. Akayasoma maneno hayo kwa Kipunjabi, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti, walio ghorofani wasikie.

"Anayekubali aweke sahihi. Asiyekubali achukue shilingi zake sasa hivi."

Kewal alitangulia. Wakafuata mmoja mmoja, mikono myeusi kwa masizi, wasiojua kuandika wakibonyeza kidole gumba. Ilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyedai shilingi yake.

Njoroge alitia sahihi mwisho. Akavaa kofia yake hapo hapo mlangoni, mwenye baa akimwangalia.

"Na wakileta polisi kweli, mzee?"

Harbhajan aliliweka kopo kwapani.

"Wape anwani ya Lakhbir. Kule kila mtu anaingia na kofia yake."