Mpaka Upande wa Kushoto Ukue

...na shikilia hapo hapo, mama Horii, usipumue, anasema daktari, na Chizuru anashikilia, kwani afanye nini tena, amelala chali juu ya kitanda chembamba kigumu, mkono wa kulia umeinuliwa kichwani kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, mbavu zimepakwa jeli ya baridi, na mahali fulani kati ya ubavu na ubavu imeingia sindano ndefu ambayo hakuiona, alifumba macho makusudi, ngozi imekufa ganzi lakini ndani kabisa anasikia kitu kinasukumwa, si maumivu hasa, ni kama mgeni anayepita chumba hadi chumba bila kuvua viatu... haya, achia, pumua, vizuri sana mama... vizuri nini, kulala tu nako kuna uzuri, lakini huyu daktari kijana, Tatsumi, ndivyo alivyo, anasifu kila kitu, hata siku ile alipomwambia kuhusu uvimbe alianza kwa kumsifu kwamba moyo wake ni mzima, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, wa kulia ameukunjua wote, wa kushoto amekunja ngumi, akasema, "Mama, saratani iko huku kulia, na kulia ndiko kukubwa, ndiko karibu ini zima. Nikikata leo, hiki kitakachobaki hakiwezi kubeba mwili wako. Utapona saratani ufe kwa kukosa ini." Sasa? "Sasa tunalichezea akili. Mshipa unaolilisha ini damu ya kutoka tumboni unagawanyika, mmoja huku, mmoja huku. Tunauziba wa kulia. Damu yote inageukia kushoto, na kushoto kwa kula chakula cha wawili kunanenepa. Tunangoja wiki chache, tunapima, kukitosha tunakata." Na kusiponenepa? Daktari akakuna shingo, akatazama ngumi yake mwenyewe. "Basi hatukati, mama," na hapo mume wake, Baba Naoki, aliyekuwa ametulia kama gunia, akaingilia, "Daktari, ini lake likikua kwa kasi ya mdomo wake, tumepona," wakacheka wote watatu, na huko nje, kwenye ngazi, Baba Naoki akasimama akajishika ukuta na kusema amekanyaga vibaya, mwongo, ngazi zilikuwa kavu na pana... tena mama, vuta pumzi, shikilia... anashikilia, kichwani pake kuna kioo cha picha na pembeni ya jicho anauona huo mshipa wake, mweusi juu ya kijivu, umechanua matawi kama mti wa msimu wa baridi, kumbe ndani yake kulikuwa na mti na hakuwahi kujua, mtu anafika uzeeni hajui amebeba nini, na daktari anamwambia nesi, nipe sponji ya kuzibia, ndogo, ndogo zaidi, na tawi moja la ule mti linafifia, linafutika kana kwamba halikuwahi kuwapo... achia... joto linapanda bega la kulia, bega lenyewe lililobeba kuni za hamamu ya baba, nyumba ya watu kuogea, tangu ujana, ndoo kwa ndoo za vipande vya mbao, kwa sababu baba alikuwa akisema maji ya kuoga watu hayangoji mtu, saa ya kufungua mlango ikifika mtaa mzima uko nje na mataulo shingoni, na wao walikuwa wawili, yeye na mdogo wake Fumie, mmoja anachochea, mmoja anasugua sakafu upande wa wanawake, wanapishana mlangoni na nyuso nyeusi za masizi, wanachekana, Fumie anasema, "Dada, ukienda hivyo kwa mchumba atadhani ni bomba la moshi limekuja kuolewa," mdomo ule, mdomo wa Fumie ndio uliokuwa mdomo, huu wangu Baba Naoki anaoulalamikia ni mabaki tu... na picha ile, mshenga aliileta asubuhi moja ya mvua, kijana mwenye kofia amesimama kwenye shamba la kahawa huko Brazili, masikio makubwa, anatabasamu kama aliyeambiwa asitabasamu, na mshenga aliiweka mbele yake yeye Chizuru, si mbele ya Fumie, na yeye aliitazama kwa muda mrefu kuliko adabu, hakuwa akimtazama kijana, alikuwa akitazama ile ardhi nyuma yake, ilivyokuwa pana, haina ukuta hata mmoja, mpaka baba akasema, "Mkubwa haendi. Mkubwa ndiye hamamu," ndivyo alivyosema, ndiye hamamu, si mwenye hamamu, na mshenga akaisogeza picha kwa vidole viwili, sentimita chache tu juu ya mkeka, ikawa ya Fumie... unasikia chochote, mama? nesi anauliza, ni binti mnene mwenye aproni nzito ya kuzuia mionzi, na Chizuru anasema hapana, kidogo tu, hakuna kitu... na siku ya meli kule Kobe walinunua karatasi za rangi, zile ndefu za kuviringisha, abiria anashika ncha moja na wa nchi kavu ncha nyingine, yeye alishika ya kijani, mama ya manjano, meli ikaanza kujitoa taratibu bila kelele, karatasi zinafunguka, zinafunguka, mamia ya karatasi, mama alikuwa akiita jina la Fumie kana kwamba ameanguka kisimani, na yeye hakuita, alikuwa akiangalia kidole chake tu, karatasi ilivyokuwa ikikimbia pale, ilivyomwasha, mpaka ikakazika, ikasimama angani imenyooka kabisa kwa muda wa pumzi moja, Fumie upande ule na yeye upande huu, halafu ikakatika, wala hakusikia, alijua tu kwa vile mkono ulikuwa mwepesi, na walipofika nyumbani wakakuta bomba la moshi halitoi moshi, baba ambaye hakwenda bandarini kwa sababu eti nani atachochea moto, alikuwa amekaa mbele ya tanuri la baridi, na mtaa mzima ulirudi nyumbani na mataulo makavu... shikilia mama, hili ni tawi gumu kidogo, usitikisike... hatikisiki, yeye ni bingwa wa kutotikisika, akaletewa mume akakubali, mwanamume aliyekuja kwao akalichukua jina lao, mtu mwema, anaongea na tanuri zaidi kuliko anavyoongea na yeye, na yeye Chizuru akawazika wazazi, akasugua upande wa wanawake na akachochea moto, na watu wakasema, ona Chizuru alivyokomaa tangu mdogo wake aondoke, anafanya kazi ya wawili, kana kwamba ni sifa, na yeye miaka yote hiyo aliamini kwamba anachokitamani ni ile ardhi pana ya kwenye picha, akiota anaota udongo mwekundu, anaamka mdomo umekauka... achia, pumua, pole mama... lakini Fumie mwenyewe kwenye simu alishamwambia, ardhi gani dada, vumbi tu, nguo hazitakati, na kila mwaka mpya Fumie hupiga, lugha yake imebaki ile ile ya mwaka aliopanda meli, maneno ya marehemu mama ambayo hapa Osaka hayasemwi tena na mtu yeyote, kwa hiyo kila akipiga ni kama mama ametoka chumba cha pili, na tetemeko lilipoibomoa Kobe, likaupasua ukuta wa hamamu na bomba la moshi, Fumie alipiga usiku na mchana simu haziingii, ilipoingia hakuuliza nyumba wala hamamu, alisema, "Sema kitu, dada, chochote, taja hata bei ya vitunguu," na yeye akataja bei ya vitunguu, na kule mbali mtu akalia... na juzi tu, juzi wakati wa kupanga mizigo ya hospitali, Fumie, "Dada, nije?" na yeye, "Uje ufanye nini, ni kitu kidogo, wananitia sindano wananiachia, wewe una wajukuu, una magoti mabovu, usije," upesi upesi, kama anayefunga mlango upepo usizime moto, na Fumie akasema haya, kama unavyosema dada, na sauti yake ilikuwa ya yule mdogo aliyesogezewa picha... kumbe hata yeye hakuulizwa, kwa nini sijawahi kuliona hilo, nilijiona mimi niliyezuiwa, sikumwona aliyesukumwa, wasichana wawili na hakuna aliyeulizwa, na sasa mmoja ameuliza, nije? na mwingine amejibu kama baba... mama Horii, umebana meno, inauma? anauliza Tatsumi, na ile hapana, kidogo tu, iko tayari ulimini, imekaa pale tangu ujana kama kipande cha sabuni, lakini pumzi inapotoka inatoka na kitu kingine, "Inauma," anasema, "na ninaogopa, daktari. Ninaogopa kusiponenepa," na Tatsumi safari hii hasifu chochote, anasema, "Hata mimi, mama. Ngoja niongeze ganzi," na yule nesi anauingiza mkono wake chini ya shuka, mkono mnene wenye joto, anaushika wa Chizuru wa kushoto, na Chizuru haachii, anaukamata mkono wa mtoto wa watu mpaka vidole vinaniuma, anafikiri, vinamuuma, vyangu au vyake... wakimtoa hapa atamwambia Baba Naoki alete kadi ya simu, kule kutakuwa bado usiku, na aamke, magoti mabovu na aamke, hatamwacha aulize tena, atasema njoo, njoo kabla hawajanikata, wakikata au wasikate njoo, si kwa ajili ya ini tu, Fumie, nina hamu ya kukuona, na itakuwaje katika uwanja ule mpya wa ndege waliojenga juu ya bahari, watatoka wazee wangapi wenye nywele nyeupe, wote wanavuta mizigo, atamjuaje, binti wa miaka kumi na tisa hatatoka mlango ule, na labda ndivyo, labda watapishana kwanza kama watu wasiojuana, mwanamke mmoja mfupi aliyechomwa na jua akitafuta huku na huku, amepotea, amechoka, akimtafuta dada asiye na mvi... hatuko mbali, mama, anasema daktari, bado sehemu ndogo tu, vuta pumzi... na yeye Chizuru ndiye atakayeita kwanza, mbele ya watu wote, kwa sauti ile ambayo mama alikuwa nayo bandarini.